Ushahidi wa Wapita Njia katika Historia ya Mombasa

Mji wa bandari una bahati moja na msiba mmoja, na vyote viwili huingia kwa mlango mmoja. Bahati yake ni kwamba watu wa mbali huujua na kuutaja. Msiba wake ni kwamba wanaoutaja sana ni wale waliokaa ndani yake muda mfupi. Mwenyeji haandiki jinsi anavyonawa miguu mlangoni mwa msikiti, wala hapimi upana wa njia anayopita kila siku, kwa sababu mambo hayo kwake ni kama pumzi, hayahitaji kusimuliwa. Mgeni aliyeshuka asubuhi, naye anatazamia kupanda chombo kesho, huyaona yote kwa jicho jipya, huyaandika, na kitabu chake huenda mbali kuliko sauti ya mwenyeji. Ndiyo maana sehemu kubwa ya historia ya pwani ya Afrika Mashariki iliyosomwa vyuoni kwa miaka mingi imetoka kwa watu waliokuwa wakingoja upepo, maji, rubani au treni.

Mombasa ni mfano mzuri wa jambo hili. Mji huu umepokea wageni wengi maarufu, na karibu kila mmoja wao alikuwa njiani kwenda mahali pengine. Ibn Battuta alikuwa akienda Kilwa. Vasco da Gama alikuwa akitafuta India. Burton alikuwa akitafuta maziwa ya bara. Roosevelt alikuwa akifuata wanyama. Kila mmoja aliacha maneno, na maneno hayo yamejengewa elimu. Yafaa kuuliza ushahidi wa namna hii una thamani gani, na mwanafunzi wa historia aupokee kwa kipimo kipi. Swali hili si la zamani tu, maana meli za abiria bado hutia nanga Kilindini, na wageni bado huutazama mji kwa saa chache kabla au baada ya safari yao ya bahari, kisha huenda kuusimulia kwao.

Kwanza ni lazima kukumbuka kwamba muda wa mgeni katika bandari za pwani haukuwa hiari yake. Uliamriwa na upepo. Kaskazi huvuma yapata Desemba hadi Machi, ikileta vyombo kutoka Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi. Kusi huanza yapata Aprili, ikavirudisha kwao. Kati ya pepo hizo mbili kuna maleleji, wakati ambapo upepo hautulii upande mmoja, na katikati ya kusi bahari huchafuka hata mabaharia hodari hukaa pwani. Mfanyabiashara aliyefika na kaskazi ya mwanzo alikuwa na miezi mitatu au zaidi ya kungoja. Katika miezi hiyo alihitaji nyumba ya kulala, ghala ya kuwekea mali, mtu wa kumwambia bei, na mara nyingi mke. Mabumu, mabaghala na masambuki yaliyopandishwa pwani yalitengenezwa na kupakwa shahamu, na mabaharia wake walikaa mitaani kama watu wa mji. Upepo, kwa hiyo, ulikuwa ndiye mwalimu wa kwanza wa wageni: uliwalazimisha wakae.

Mwalimu wa pili alikuwa mwenyeji. Ibn Battuta, aliyepita pwani hii mwaka 1331, ameeleza desturi aliyoiona Mogadishu. Chombo kilipofika, vijana walikiendea kwa mashua ndogo wakichukua vyakula katika sahani zilizofunikwa, na kila mmoja alimpa chakula mfanyabiashara mmoja na kumtangaza kuwa mgeni wake. Tangu hapo mfanyabiashara yule alishukia katika nyumba ya mwenyeji huyo peke yake. Mwenyeji alimuuzia mali yake na kumnunulia alichotaka. Na mtu aliyenunua kwa mgeni kwa bei ya kumpunja, au aliyemuuzia pasipo mwenyeji wake kuwapo, biashara yake ilihesabiwa kuwa batili. Ijapokuwa habari hii ni ya Mogadishu, maana yake yafaa kwa pwani yote. Mgeni hakuachwa peke yake na mji. Alipewa macho ya kuutazamia na ulimi wa kuusemesha, na aliyempa alikuwa na jukumu la kuwa mkweli, maana hasara ya mgeni ilikuwa aibu ya mwenyeji.

Mombasa Ibn Battuta alilala usiku mmoja tu. Hata hivyo maelezo yake ndiyo ya kwanza ya mtu aliyefika yanayoeleza maisha ya mji. Kabla yake al-Idrisi, aliyemaliza kitabu chake mwaka 1154 huko Sicily katika utumishi wa Mfalme Roger wa Pili, alitaja mji unaodhaniwa kuwa Mombasa, lakini yeye hakukanyaga pwani hii; aliandika aliyosikia. Ibn Battuta aliona. Anataja migomba, milimau, na tunda tamu lenye umbo la zeituni ambalo kwa maelezo yake lafanana na zambarau. Anasema kwamba chakula cha watu kilikuwa ndizi na samaki, na kwamba nafaka ililetwa kutoka nje ya kisiwa. Anawasifu watu kwa dini na wema wao, nao walikuwa wa madhehebu ya Shafi. Anasema misikiti yao ilikuwa ya mbao, iliyojengwa kwa ustadi, na kila mlango wa msikiti ulikuwa na kisima kimoja au viwili, kina chake mkono mmoja au mikono miwili. Watu walitembea bila viatu; aliyetaka kuingia aliteka maji kwa chombo cha mti chenye mpini mwembamba, akaosha miguu yake, akaifuta kwa jamvi nene lililowekwa mlangoni.

Katika karne ya 14 hakuna mwenyeji wa Mombasa ambaye maandishi yake ya jambo hili yametufikia. Kama si mpita njia, jamvi lile lisingejulikana. Hapa ndipo faida ya mgeni ilipo: yeye huandika mambo madogo ambayo mwenyeji huyaona si habari. Msikiti wa mbao, kwa mfano, ni ushahidi wenye uzito, kwa sababu huwakumbusha wachimbaji wa magofu kwamba mji haukuanza na mawe, na kwamba ukosefu wa kuta si ukosefu wa watu.

Lakini Ibn Battuta huyo huyo amesema kwamba kisiwa cha Mombasa kiko mwendo wa siku mbili kwa bahari kutoka nchi ya Sawahili, na kwamba hakina bara. Mtu yeyote aliyesimama kisiwani ajua kwamba bara iko ng'ambo ya mkono mwembamba wa bahari, na kwamba Makupa watu walikuwa wakivuka kwa miguu maji yalipokupwa. Wataalamu wamejitahidi kuyasawazisha maneno haya. Wengine wamedhani kwamba maana yake ni kuwa mji haukuwa na milki upande wa bara. Yamkini ni hivyo. Lakini pia yafaa kukumbuka kwamba kitabu chake kilisomwa kwa mwandishi Ibn Juzayy huko Fez na kumalizika mwaka 1355, zaidi ya miaka 20 baada ya usiku ule mmoja. Miguu iliyooshwa kisimani ilibaki katika kumbukumbu. Umbo la nchi lilipotea. Jicho la mpita njia ni hodari kwa kitu kilicho karibu, tena dhaifu kwa kitu kinachohitaji kuzungukwa.

Baada ya miaka 167 alikuja mgeni wa namna nyingine. Tarehe 7 Aprili 1498 merikebu za Vasco da Gama zilitia nanga nje ya Mombasa. Mwandishi wa daftari la safari ile, ambaye jina lake halikuandikwa humo na ambaye wengi humdhania kuwa Álvaro Velho, asema kwamba walifurahi, kwa kuwa walitumaini kesho yake, Jumapili ya Matawi, kushuka na kusali pamoja na Wakristo walioambiwa kwamba wanakaa humo. Mombasa haikuwa na Wakristo hao. Watu wawili walitumwa kuutazama mji. Wakapokewa, wakatembezwa, wakapelekwa kwenye nyumba ya wafanyabiashara wawili, wakaonyeshwa karatasi yenye picha iliyoheshimiwa na wenye nyumba. Wakarudi na habari kwamba wameona Wakristo. Wataalamu wengi wa leo huona kwamba wafanyabiashara wale walikuwa Wahindi, nao wakiheshimu picha ya dini yao.

Mfano huu ni wa kutazamwa vizuri. Watu wale wawili hawakusema uongo; waliona nyumba, watu na karatasi, na vyote vilikuwapo. Kilichokosekana ni siku za kuuliza. Waliona walichotumaini kukiona, na kwa kuwa nahodha mkuu mwenyewe hakushuka pwani, macho yao ndiyo yaliyokuwa macho ya Ulaya yote. Nao mfalme wa Mombasa alileta kondoo, machungwa, malimau na miwa, kama desturi ya kumkaribisha mgeni. Lakini imani haikuwapo kwa upande wowote. Daftari lenyewe linasimulia kwamba nahodha mkuu aliwahoji watu wawili waliokuwa chomboni mwake kwa kuwadondoshea mafuta yaliyochemka mwilini, na kwamba usiku waogeleaji walijaribu kukata kamba za nanga. Tarehe 13 Aprili merikebu ziliondoka kwenda Malindi, ambako rubani alipatikana. Kwa muda mrefu vitabu vilimtaja rubani huyo kuwa Ahmad ibn Majid, mwalimu mkubwa wa elimu ya bahari. Utafiti wa baadaye umelikataa jambo hilo. Hivyo hata jina la mtu aliyeongoza safari mashuhuri kuliko zote za bahari hii lilipotea mikononi mwa wapita njia, na jina jingine likawekwa mahali pake.

Mwezi Agosti 1505 Francisco de Almeida aliuteka mji, akauteketeza. Miongoni mwa watu wake alikuwapo aliyeandika maelezo ya Mombasa ambayo hadi leo hutumiwa na wanahistoria: nyumba ndefu za mawe na chokaa, vibanda vya makuti vilivyoegemezwa kwenye kuta zake na vilivyoueneza moto usiku kucha, njia nyembamba, na viti vya mawe vilivyojengwa mbele ya nyumba vikazidi kuzibana njia hizo. Viti hivyo ni baraza. Kila mtu wa pwani ajua kazi yake: hapo ndipo mgeni hupokewa asiyestahili bado kuingia ndani, hapo ndipo habari huulizwa na mashauri hukatwa. Mwandishi yule aliviona kama vizuizi njiani, kwa sababu jeshi lilipita kati yake huku likipigwa mawe na mishale kutoka madarajani. Maelezo ni sahihi na mwandishi ni mwizi. Yote mawili ni kweli kwa pamoja. Mwanafunzi asiyaache maelezo hayo kwa chuki, wala asimsahau aliyeyaandika kwa kupenda maelezo.

Habari ya Nuno da Cunha yaonyesha zaidi jinsi upepo ulivyokuwa hakimu. Mwaka 1528 alikuwa akienda India kushika ugavana, msimu ukampita. Akataka kukaa Mombasa mpaka upepo ugeuke. Alipokataliwa, aliuteka mji na kukaa ndani yake kwa nguvu, wengi wa watu wake wakafa kwa maradhi, na mwaka 1529 alipokuwa akiondoka aliuchoma. Wafanyabiashara wengi wa Shihiri, Surati na Maskati walikuwa wamekaa mji huo huo kwa kungoja upepo ule ule, pasipo kuacha majivu. Tofauti haikuwa urefu wa muda tu. Tofauti ilikuwa kwamba wale walikaa chini ya mwenyeji, na huyu hakukubali kuwa na mwenyeji. Wareno walipoanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, walifanya jambo hilo kuwa la kudumu: walijitengenezea nyumba ndani ya mji isiyohitaji ukarimu wa mtu. Walikaa humo hadi mwaka 1698, wakatolewa na jeshi la Oman baada ya mazingiwa yaliyoanza mwaka 1696.

Waswahili husema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii hudhaniwa kuwa ni ya kumhimiza mgeni mvivu aondoke, lakini ina maana ya pili iliyo pana zaidi: anayepewa jembe amepewa pia shamba. Historia ya Mombasa imejaa watu wa namna hiyo. Wenyeji wa kale wa mji hujihesabu kuwa Thenashara Taifa, yaani Tisa Taifa na Tatu Taifa. Katika majina yao wamo Wapate, Wafaza, Washaka, Wakilifi na Wamtwapa. Majina haya ni ya miji na nchi nyingine za pwani. Watu waliyachukua walipohamia Mombasa, kwa vita, kwa njaa, au kwa biashara, na wajukuu zao wakawa ndio wenye mji. Orodha ya mataifa kumi na mawili ni kitabu cha wageni kilichoandikwa na wenyeji wenyewe, na kila jina ndani yake ni la mtu aliyefika, akakaa, akapewa jembe.

Orodha hiyo yakumbusha kwamba mji haukuwa bubu. Mapokeo yalimtaja Mwana Mkisi kuwa mwenye Kongowea, na Shehe Mvita kuwa mwenye Mvita, na kwa simulizi hizo watu walielezana haki zao katika ardhi na utawala. Tarikhi za Mombasa ziliandikwa kwa hati za Kiarabu, na baadhi yake zilitafsiriwa na kuchapishwa Ulaya katika karne ya 19. Muyaka bin Haji, aliyefariki yapata mwaka 1840, alitunga mashairi juu ya vita vya Mazrui na Seyyid Said, juu ya mapenzi, njaa, na safari za bahari. Mashairi yake hayakuandikwa kwa ajili ya msomaji wa mbali. Yalisemwa mbele ya watu waliojua kila mtaa na kila ugomvi, na kwa hiyo ni magumu kwa mgeni. Lakini ndani yake mji wajisema wenyewe. Yalihifadhiwa kwa kumbukumbu ya wenyeji kama Mwalimu Sikujua bin Abdallah, ambaye William Taylor alishirikiana naye kuyakusanya, na yakachapishwa mwaka 1940 na William Hichens. Yafaa kutambua kwamba mkono wa mgeni umo hata hapa, ila ni mkono wa mgeni aliyekaa na kufundishwa.

Katika karne ya 19 tofauti kati ya anayekaa na anayepita yaonekana dhahiri zaidi. Mwaka 1824 Kapteni Owen wa merikebu ya kivita Leven alikubali kuiweka Mombasa ya Wamazrui chini ya ulinzi wa Kiingereza, kisha akaendelea na safari yake. Luteni Reitz aliyeachwa alifariki mwaka huo huo. Luteni Emery aliyemfuata alikaa hadi mwaka 1826, akiweka daftari la kila siku. Leo jina linalosomwa na wageni katika Mji wa Kale ni Leven, jina la merikebu iliyopita, na si la Emery aliyekaa miaka miwili.

Johann Ludwig Krapf alifika mwaka 1844. Katika miezi ya kwanza mkewe na mtoto wao mchanga walifariki, na kaburi la mama huyo liko ng'ambo, upande wa Nyali. Msiba huo haukumwondoa. Alikaa, akajifunza lugha kwa watu wa Mombasa, na kamusi yake ya Kiswahili, iliyotoka mwaka 1882 baada ya kifo chake, ina hazina ya Kimvita ambayo msomi wa lugha hawezi kuikosa hata leo. Mwenzake Rebmann alikaa pwani na Rabai hadi mwaka 1875. Krapf alikosea mambo mengi, naye alikuwa na hukumu zake juu ya dini ya wenyeji. Lakini makosa ya mtu aliyekaa yana namna ya kusahihishika, kwa kuwa ndani ya kitabu chake mna maneno ya wenyeji wenyewe, na maneno hayo humshuhudia au kumpinga. Richard Burton alifika Mombasa Januari 1857, akiwa anangoja wakati wa kuingia bara. Alikuwa mjuzi wa lugha nyingi na mtazamaji mkali, na kitabu chake cha mwaka 1872 kimejaa habari. Lakini juu ya watu wa mji ameandika kwa dharau ya mtu ambaye mawazo yake yamekwisha kuondoka kabla ya miguu yake.

Kisha ukaja mvuke. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, na mwaka 1872 kampuni ya British India ilianza kupeleka meli za posta kati ya Aden na Unguja. Meli ya moshi haingoji kaskazi. Mgeni hakuhitaji tena miezi mitatu, wala nyumba ya mwenyeji, wala mtu wa kumwambia bei. Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Ziwa Nyanza mwaka 1901, na abiria akaweza kutoka melini na kuingia katika gari la moshi pasipo kuzungumza na mtu wa mji isipokuwa mchukuzi wa mizigo.

Jambo jingine lilitokea ambalo wanahistoria hawakulitilia mkazo wa kutosha: mlango wa mji ulihamishwa. Bandari ya kale iko upande wa mashariki wa kisiwa, chini ya Mji wa Kale, na mgeni aliyeingia kwa tanga alikutana kwanza na ngome, forodha, misikiti, na nyumba za wenyeji zilizoelekea maji. Meli kubwa zilihitaji kina cha Kilindini, upande wa pili wa kisiwa, na katika miaka ya 1920 gati za maji marefu zilijengwa huko. Tangu wakati huo mgeni huingia Mombasa kwa nyuma. Hukutana kwanza na maghala, reli na barabara pana, na Mji wa Kale, uliokuwa sebule, umekuwa chumba cha ndani ambacho mtu lazima apelekwe ili akione. Hata alama ya mji inayopigwa picha zaidi, yaani yale mapembe makubwa ya bandia juu ya barabara itokayo Kilindini, iliwekwa katika miaka ya 1950 kwa heshima ya wageni wa nyumba ya kifalme ya Uingereza.

Matokeo yake yaonekana katika vitabu. Winston Churchill alishuka Mombasa mwaka 1907, na Theodore Roosevelt mwaka 1909. Wote wawili waliandika vitabu vilivyosomwa sana, na katika vyote viwili sura ya kwanza ni sura ya reli. Mombasa ni mahali ambapo treni huanzia. Mji uliokuwa na misikiti, washairi na wafanyabiashara wa bahari tangu karne nyingi kabla ya Nairobi kuwapo ukageuzwa kuwa kizingiti cha nyumba ya mtu mwingine.

Vyombo vya tanga havikutoweka siku moja. Mwaka 1939 baharia Alan Villiers, mzaliwa wa Australia, alifika pwani hii katika bumu la Kuwait akisafiri pamoja na mabaharia wake, na kitabu alichokitoa mwaka 1940 kinaonyesha kwamba desturi ya kungoja upepo ilikuwa bado hai. Lakini baada ya Vita Kuu ya Pili utajiri wa mafuta uliwageuza watu wa Ghuba kwenye kazi nyingine, meli za mvuke na dizeli zikachukua mizigo, na kufika miaka ya 1970 safari kubwa za msimu zilikuwa zimefifia. Pamoja nazo ilifia desturi ya mgeni wa miezi.

Mgeni wa bahari wa siku hizi ni abiria wa meli ya matembezi. Uharamia wa pwani ya Somalia, hasa kati ya mwaka 2008 na 2012, ulizifukuza meli hizo kwa muda. Zimerejea, na kituo cha kuwapokea abiria wake kimejengwa Kilindini. Baadhi ya abiria huchukuliwa moja kwa moja mpaka mbuga ya Tsavo au Shimba Hills, wasiuone mji kabisa. Wengine hupelekwa Fort Jesus, hupita Ndia Kuu, hununua kitu, na hurudi chomboni kabla ya jioni. Wachache hufika siku mbili tatu kabla ya meli kung'oa nanga, au hubaki baada yake, na hao ndio warithi wa karibu wa Ibn Battuta, nao kwa kweli hukaa zaidi kuliko yeye. Si haki kuwadharau. Usiku mmoja wa mtu mwenye macho umewapa wanachuo jamvi la msikitini ambalo karne nzima ya ngome haikuwapa.

La kuangalia ni nani anayewapokea, na anawaambia nini. Fort Jesus, iliyokuwa gereza tangu mwaka 1895 hadi 1958 na kufunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1960, iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2011. Heshima hiyo yastahili, kwa kuwa jengo ni la ajabu na watu wa mataifa mengi waliijenga na kuifia. Lakini katika daftari la urithi huo Mji wa Kale ulio ubavuni mwake umewekwa kama eneo la kuizunguka ngome na kuilinda. Yaani nyumba ya mgeni aliyekataa kuwa na mwenyeji ndiyo iliyopewa jina, na nyumba za wenyeji zimekuwa ua wake. Mgeni wa saa nne husoma jambo hilo bila kuambiwa: huona kwamba historia iko ndani ya kuta nene, na kwamba nje yake mna maduka. Wakati huo huo nyumba za zamani huvunjwa au kuongezwa ghorofa, milango ya nakshi huuzwa, na wazee wanaojua nani alijenga baraza ipi hupungua kila mwaka.

Kwa hiyo mwanafunzi anayefungua kitabu cha mpita njia yampasa kuuliza maswali matatu. Alikaa muda gani? Mwenyeji wake alikuwa nani? Naye alikuwa akingoja nini? Kwa swali la kwanza atajua kwa nini Ibn Battuta aliijua milango ya misikiti asiijue bara. Kwa swali la pili atajua kwa nini wajumbe wa da Gama, waliotembezwa mji kwa siku moja na watu wasiowaamini, walirudi na Wakristo ambao hawakuwapo. Kwa swali la tatu atajua kwa nini Churchill na Roosevelt waliona reli. Anayengoja upepo hutazama mji, kwa kuwa hana mahali pengine pa kutazama. Anayengoja treni hutazama saa.

Baada ya maswali hayo yampasa kuviweka vitabu vya wageni kando ya tarikhi, mashairi, majina ya mitaa, na habari za wazee, asikie upande mwingine wa baraza. Kazi hii haiwezi kufanywa na abiria, hata awe na nia njema namna gani, kwa kuwa meli haimngoji. Ni kazi ya wanaokaa. Vyuo vya pwani vina vijana wanaojua lugha ya Muyaka kwa kunyonya, na nyumba zao ziko hatua chache kutoka nyumba za wazee hao. Kama hawataandika, miaka hamsini ijayo mtu atakayetaka kujua jinsi watu wa Mji wa Kale walivyoishi katika karne hii atalazimika kuitafuta habari hiyo katika picha na barua za watu waliopita kati ya kifungua kinywa na chakula cha jioni, naye atashukuru kwa hizo, kama tunavyomshukuru Ibn Battuta, huku akishangaa kwamba wenye mji walikuwapo na kalamu walikuwa nazo.